Mpira wa moyo hautoboi moyo
Hapa Mwanza, ndugu wakiambiwa mgonjwa wao aliye ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, atawekewa mpira hadi moyoni, wengi hudhani moyo unatobolewa, na kwamba akishawekewa ndiyo basi tena. Sivyo. Mpira huo, yaani katheta, huingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, chini ya mtulinga au kinenani, ukafuata njia ya damu kupitia upande wa kulia wa moyo hadi ateri ya mapafu, yaani mshipa unaopeleka damu mapafuni, ili kupima shinikizo la damu humo.

Madhara yapo, tena si ya kupuuza. Mapigo ya moyo huweza kuvurugika mpira unapopita, ingawa mara nyingi hutulia yenyewe. Sindano ya kuuingizia inaweza kugusa pafu, hewa ikavuja. Kinachosahaulika mno ni siku zinazofuata: maambukizi, na damu kuganda. Ateri ya mapafu kupasuka ni nadra sana, lakini huweza kuua.

Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2005, kati ya wagonjwa 486 waliowekewa, 46 walipata madhara. Hakuna aliyefariki kwa sababu hiyo. Ila vifo kwa jumla havikupungua pia ukilinganisha na wasiowekewa, ndiyo maana hauwekwi kwa kila mgonjwa. Kwa hiyo muulizeni daktari, tena kila siku: bado unahitajika?