Ng'ombe wakishaondoka mlimani: Kondoa Irangi umerudi msitu gani?

Mara nyingi naulizwa kama milima ya Irangi imepona. Nami huuliza: unaulizia kijani unachokiona kutoka barabarani, au unaulizia miombo, yaani miti ya msitu wa asili wa milima hii? Kwetu sisi wanaikolojia wa misitu hayo ni maswali mawili, na jibu la moja halitoshi kwa jingine.

Kwa asiyeijua historia, sehemu hii ya Mkoa wa Dodoma iliwahi kuwa kielelezo cha ardhi iliyochoka. Enzi za mkoloni vichaka vilifyekwa kupambana na mbung'o, mashamba yakapanda miteremko, mifugo ikazidi, na mvua ikachimba makorongo kwenye udongo mwekundu. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Makinga maji na upandaji miti havikutosha, na mwaka 1979 ukaja uamuzi mzito: mifugo yote itoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Gharama yake wananchi waliibeba wenyewe. Kaya zilizokuwa na maziwa na samadi zikabaki bila vyote viwili, na mifugo mingi ikahamia kwa ndugu huko tambarare, ikaenda na mzigo wake wa malisho. Kila ninapousifu msitu huu naona ni haki kulitaja hilo.

Kilichoanza kurudi ni nyasi. Zikafunika udongo, kasi ya maji ikapungua, mchanga ukapungua mabondeni. Miti ikafuata, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba miombo ya leo imetokana na mbegu. Nyingi imetoka chini ya ardhi. Piga magoti kwenye mteremko wa zamani wa malisho, ufukue taratibu kando ya chipukizi lisilofika goti. Utakuta mzizi mnene kuliko mkono wako, wenye makovu ya vichipukizi vilivyoliwa, vikakatwa au vikaungua mwaka baada ya mwaka. Mti ule haukuwahi kufa. Ulikuwa unanyimwa kimo tu, na mifugo ilipoondoka ukanyanyuka kwa nguvu ya akiba iliyokuwa mizizini.

Mbegu za miombo, kwa upande wake, hazisafiri. Ganda likikauka linapasuka kwa kishindo na kurusha mbegu hatua chache kutoka kwa mti mama. Mvua ikinyesha zinaota au zinaoza. Hazikai udongoni miaka na miaka zikingoja nafasi. Na mche ukiota unahitaji kuvu fulani wa kuishi na mizizi yake, wale wale ambao baadhi yao hutupatia uyoga msimu wa mvua. Kwa hiyo palipolimwa kwa muda mrefu hadi visiki vikang'olewa, miombo inarudi kwa kutambaa kutoka ukingoni. Katikati hapo inatangulia miti mingine: migunga, milama na mkulagembe wenye miiba. Mkulagembe hata ulipandwa na mifugo yenyewe: maganda yake huliwa, mbegu zikatoka na kinyesi. Unaweza kusimama kwenye kilima kimoja ukaona mpaka wa shamba lililoachwa zamani umechorwa na aina za miti, upande huu miombo, upande ule miiba.

Halafu kuna moto. Huu ndio unaoninyima usingizi kuliko shoka. Ng'ombe alipokuwepo alikula nyasi, na moto ukikosa nyasi hauendi mbali. Ng'ombe alipoondoka, nyasi zilirefuka, na kufikia Septemba zimekauka kabisa. Moto wa wakati huo unaunguza machipukizi hadi chini. Mzizi unachipua tena, lakini mti unabaki na kimo kile kile cha goti, safari hii bila mfugo wa kulaumiwa. Moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, hauna ukali huo. Machipukizi yaliyokwisha kurefuka na kupata gome nene huweza kuuvuka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema jibu ni kufunga mlima milele. Baadaye ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa kufugwa bandani kwa majani ya kukatwa, na naona huo ulikuwa uamuzi mzuri: nyasi zinapungua, samadi inarudi shambani, watoto wanakunywa maziwa. Ningeanzia hapo hapo. Palipo na miombo iliyokwisha kupita kimo cha ng'ombe, wanakijiji wakate nyasi, na pengine mifugo michache iingizwe kwa muda, chini ya usimamizi wa kamati ya kijiji, kabla ya kiangazi kukomaa. Palipo na machipukizi ya kimo cha goti, hata mbuzi mmoja asipite, maana mbuzi huanza na kile kikonyo laini cha juu ambacho mti unakitegemea kupanda. Na palipong'olewa visiki, tusipoteze fedha kupanda miche kiholela katikati ya uwanja. Tuulinde ukingo wa msitu dhidi ya moto, kwa sababu miombo itaingilia huko.