Nairobi Fly: Usimponde, na Jicho Usilifikiche

Kila mvua ya masika inaposhika, Machi hadi Mei, na ya vuli kuanzia Oktoba, foleni ya kliniki yetu ya macho hapa Nairobi hurefuka. Jumamosi jua hutoka kidogo, watu hutandika leso kwenye nyasi za Arboretum au Uhuru Park, watoto hubingirika. Jumatano mtu anaingia ameziba jicho kwa kitambaa. Maswali ni yale yale.

Nairobi fly ni nzi?
Si nzi. Ni mbawakawa mwembamba, mara nyingi hafiki hata sentimita moja, mwenye mistari ya nyeusi na nyekundu iliyokaribia rangi ya chungwa. Hukaa kwenye nyasi zenye unyevu na majani yaliyooza, na usiku hufuata taa. Mvua ikizidi naye huzidi. Waliokuwepo wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 wanakumbuka.

Huuma, au hukojolea mtu?
Haumi wala hakojoi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili wake na hutoka akipondwa. Kwa hiyo kinachokuunguza ni lile kofi lako. Akitua shingoni, mpulize au mwekee karatasi apande, kisha osha hapo kwa sabuni na maji.

Mbona siku ile sikuhisi chochote?
Sumu huchelewa. Mara nyingi ngozi huanza kuwaka siku ya pili, kisha hutoka malengelenge kwa mstari, pale kidole kilipomburura. Usiyatoboe, na tafadhali acha kupaka dawa ya meno. Baada ya wiki mbili hivi ngozi huwa imepona. Ngozi ya kiganja ni nene, haiungui, na hapo ndipo hatari ilipo: mkono hauumi, unajifikicha jicho, sumu imeingia.

Imeingia jichoni. Nitie nini?
Maji safi. Maji tu. Fungua kope kwa vidole vilivyonawa, mimina polepole kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usitie maziwa ya mama, maji ya majani ya chai, asali wala mate. Nimeyaona yote hayo yakiletwa ndani ya macho ya watoto.

Nina dawa ya macho iliyobaki. Siwezi kuanza nayo?
Hapana. Baadhi ya dawa hizo zina steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na kama kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, kimechubuka, steroidi huwapa vijidudu nafasi ya kuchimba. Mama mmoja alinitolea mkobani chupa ya jirani, lebo imefutika, kifuniko kimegandiana na unga mweupe. Alikuwa amemtia mwanawe mara tatu kwa siku, siku nne mfululizo. Nilipoweka ile rangi ya kupimia na kuwasha taa ya buluu, kidonda kiling'aa kijani katikati ya konea. Mtoto anaona, lakini kovu limebaki. Mama alikuwa anajitahidi. Kilichomponza ni ile chupa na zile siku nne.

Nikingoja siku mbili nione kama litapoa?
Usingoje. Ngozi inaweza kungoja, jicho haliwezi.

Hata kama ni Jumapili na uvimbe ni mdogo?
Hata Jumapili. Ukubwa wa uvimbe wa kope hauonyeshi hali ya konea. Na ukiona mwanga unakuumiza, unaona ukungu, au jicho linatoa usaha, usilale nalo: nenda kitengo cha dharura usiku huo. Nauli ya usiku ni kubwa, najua. Nenda.

Kazini wananikimbia wakidhani nitawaambukiza.
Haiambukizi. Ila kama hukumbuki mdudu yeyote na malengelenge yako upande mmoja wa uso, njoo upimwe haraka, kwa sababu huenda ni mkanda wa jeshi, nao ukikaribia jicho ni dharura vilevile.

Basi tuache kwenda bustani?
Sijasema hivyo. Wangari Maathai alipigania Uhuru Park mwaka 1989 na msitu wa Karura miaka kumi baadaye ili tupate pa kupumulia, na mtoto anayecheza nje ana afya kuliko aliyefungiwa na simu. Tandikeni turubai chini ya leso, msikae juu ya majani yaliyooza. Jioni zima taa ya nje, funga madirisha mapema. Mkitoka bustanini, kung'uteni leso hapo hapo kabla ya kuikunja, na ukifika nyumbani nawa mikono kwa sabuni ndipo uguse uso wa mtoto.