Saa ambazo haziandikwi kwenye hesabu ya kupunguza wafanyakazi

Kampuni ya kuunda ndege ikitangaza kupunguza watu, swali la kwanza la waandishi wa habari ni itaokoa kiasi gani. Mimi kazi yangu ni kukokotoa saa za kazi viwandani: mafundi wangapi, saa ngapi, kwa kila ndege inayotoka mlangoni. Kwa hiyo huanza na swali jingine: wanaondoka akina nani?

Mwaka 1936 mhandisi wa Marekani, Theodore Wright, alichapisha jambo ambalo viwanda vya ndege vinaliishi hadi leo. Kila idadi ya ndege zilizokwisha kuundwa inapoongezeka maradufu, saa za kazi kwa ndege moja hushuka hadi kama asilimia 80 ya zilivyokuwa. Tuseme ndege ya kwanza ilikula saa 100,000. Ya pili itakula 80,000, ya nne 64,000, ya nane 51,200. Ndiyo maana kampuni hukubali kuuza ndege za mwanzo kwa hasara, ikijua mteremko unakuja.

Mteremko huo unatokana na nini? Mashine mpya zinachangia, lakini sehemu kubwa ni mikono. Fundi wa mabawa anajua tundu lipi halikai sawa baridi ikizidi, na ni kifaa gani kiandaliwe kabla zamu haijaanza. Mambo hayo hayamo kwenye michoro. Na yule anayeyajua akipigwa kalamu, kampuni hupanda tena mlima iliokwisha kuushuka.

Lockheed iliyaona hayo kwa ndege yake ya L-1011 TriStar. Katikati ya miaka ya 1970 oda zilipungua, kasi ikashushwa na mafundi wakaachishwa. Oda ziliporudi na watu wapya wakaajiriwa, saa za kazi kwa kila ndege zilipanda badala ya kushuka. Ziliundwa ndege 250 tu, na mwaka 1981 kampuni ikatangaza kuachana na mradi huo.

Sasa tuje kwa Boeing. Oktoba 2024 Kelly Ortberg, aliyeshika uongozi miezi miwili tu kabla, alitangaza kupunguza kama asilimia 10 ya wafanyakazi, yaani watu wapatao 17,000. Mafundi 33,000 walikuwa kwenye mgomo uliokwisha mwanzoni mwa Novemba. Kukabidhiwa kwa ndege mpya ya 777X kulisogezwa wakati huo hadi 2026, na 767 ya mizigo ikapangiwa kuisha 2027. Sehemu kubwa ya bei ya ndege hulipwa siku mteja anapoichukua. Laini ya kuundia ndege ikisimama, vipuri vimeshanunuliwa, mishahara inadai, na fedha haiingii. Katika hali hiyo mishahara ndiyo gharama inayokatika upesi kuliko zote, na simlaumu mkurugenzi anayeanzia hapo.

Tena kuna sehemu ambako panga lina haki: ngazi za mameneja zilizorundikana, au mradi ambao mwisho wake unajulikana. Wasiwasi wangu uko kwa wakaguzi wa ubora, wahandisi wa laini na wale wanaofundisha wageni. Hao hawashiki bisibisi, hivyo kwenye jedwali huonekana kama mzigo. Januari 5, 2024, paneli iliyoziba nafasi ya mlango ilichomoka angani kwenye 737 MAX ya Alaska Airlines, kwa sababu bolti nne hazikurudishwa baada ya matengenezo kiwandani. NTSB, bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, ilihitimisha kwamba Boeing haikuwapa mafundi wake mafunzo, mwongozo na usimamizi wa kutosha. Yote matatu ni kazi ya watu wasioshika bisibisi.

Ofa ya kuondoka kwa hiari ina mtego wake. Wanaoipokea haraka ni wale wenye miaka mingi na kiinua mgongo kinono, yaani wale wale ambao kiwanda kinawahitaji. Ukifuata njia ya aliyeingia mwisho kutoka kwanza, wazoefu wanabaki, lakini hawabaki mahali pao. Mwenye miaka 20 anasogezwa kituo cha mwenye 10, huyo naye anamsukuma mwenye mitano. Katika kiwanda kimoja cha mabawa nilichofanyia kazi, waliohamishwa vituo waliwazidi walioondoka. Kila mmoja wao alianza upya juu ya mteremko wa Wright, na mimi nilikuwa nimekokotoa akiba kana kwamba hakuna aliyesogea. Kosa lilikuwa langu.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 huwataka waajiri wakubwa watoe notisi ya siku 60 kabla ya kuachisha watu kwa wingi. Wengi wa wale wa Boeing waliopewa barua katikati ya Novemba walibaki kwenye orodha ya mishahara hadi katikati ya Januari. Siku hizo ndizo nafasi pekee ya kumkalisha anayeondoka na anayebaki kwenye bawa moja. Kiwandani kwetu tulizitumia kukusanya vitambulisho na funguo za makabati. Fundi mmoja alituachia daftari lake mwenyewe, bila kuombwa. Lilikuwa limejaa vifupisho vya penseli, na mtu wa kutusomea alikuwa ameshatoka getini.