Kuwa na maambukizi si lazima uwe unaambukiza

Swali linaloletwa sana kwetu kitengo cha lugha, hasa na watu wa afya wanaotuomba tuwapitie mabango, ni hili: mtu akiwa na maambukizi si ndo anaambukiza? Hapana, na hapo ndo watu wengi wanaumizwa bure.

Chukua TB. Shirika la Afya Duniani linakadiria kama robo ya watu wote duniani wana maambukizi ya bakteria wa TB, ila wengi wao hawaumwi, hawakohoi na hawamwambukizi mtu, wadudu wamelala tu mwilini, na ni kama asilimia 5 mpaka 10 ya hao ndo watakuja kuugua. Anayeambukiza ni mwenye TB ya mapafu iliyoamka, akikohoa vijidudu vinabaki hewani na wewe unavivuta.

Pepopunda nayo ni maambukizi kabisa, bakteria anaingia kwenye kidonda, lakini muuguze mgonjwa hata mwezi mzima hakupi kitu. Halafu kuna haya maambukizi ya njia ya mkojo, jamani, mke anarudi na cheti kimeandikwa "maambukizi" basi mume anaanza kuuliza umeyatoa kwa nani, wakati mara nyingi ni bakteria wa utumbo wake mwenyewe wamehamia kusikowahusu.

Cha pili ni ile w. Ukiandika "jirani ameambukiza kipindupindu" umemshtaki, ukiandika "ameambukizwa" umempa pole. Watu wanairuka wakitype harakaharaka na meseji inazunguka hivyohivyo. Na kwenye malaria usiseme fulani kaniambukiza kisa mnalala chumba kimoja, anayeieneza ni mbu, kwa hiyo "kueneza" inakaa vizuri zaidi hapo.

Matumizi ya mafumbo nayo ni halali: kicheko kinaambukiza, miayo, hofu, hata kompyuta inaambukizwa virusi. Kwenye kicheko mimi nalipenda sana hili neno. Kwenye tabia nina wasiwasi nalo kidogo, maana mzazi akisema "rafiki zake wamemwambukiza uvivu" mtoto anatoka hana kosa hata moja, utadhani uvivu ulimpata kwa kupigiwa chafya.