Sumaku ikichoka, friza haiisaidii

Jameni, hii stori ya kuweka sumaku kwa friza usiku mzima ndio "ipate nguvu" nimeisikia hapa Kondele hadi nimechoka. Baridi hairudishi kitu. Ile ndogo ya kung'aa, neodimiamu, ikiwa baridi huvuta vizuri kidogo lakini ukiitoa ikipata joto la Kisumu inarudi palepale, na ile nyeusi ya spika, ferraiti, baridi kali inaweza hata kuimaliza zaidi.

Halafu kuna wa kusugua sumaku iliyochoka na nyingine. Sindano ya chuma itashika usumaku ukiisugua, sawa, lakini neodimiamu ni kichwa ngumu, inataka uga wa sumaku (nguvu yake, hupimwa kwa tesla) wa kama tesla 2 hadi 3 na hizi sumaku za duka usoni hazifiki hata 1, sasa utasugua mpaka lini? Viwandani wanachaji kapasita kubwa (kifaa cha kuweka stima) wanaimwaga yote kwa koili (waya uliozungushwa) mara moja, sumaku ikiwa katikati. Usijaribu nyumbani, hiyo stima inaua. Mimi hununua mpya tu, na nikichomelea naitoa kando kwanza, maana neodimiamu za kawaida zikipita digrii 80 zinaanza kulegea.