Rehani Ikikulemea Msimu wa Kusi: Hesabu Siku Zako Mapema

Malindi na Lamu, kipato cha mwenye nyumba ya wageni au mashua hufuata upepo. Kaskazi wageni wapo. Masika ikiingia Aprili na kusi ikikaza, vyumba hubaki vitupu. Awamu ya benki ni ileile Januari, ni ileile Juni. Kwa hiyo anayelipa kwa pesa za utalii na aende benki Machi kuomba nafuu, angali hana deni la nyuma. Akingoja hadi Julai, anaomba huku tayari amekwama.

Ukishakwama, Sheria ya Ardhi ya 2012 inakupa muda, na kila barua ina siku zake. Deni likikaa mwezi mmoja bila kulipwa, benki yaweza kukupa notisi ya kwanza chini ya kifungu cha 90. Notisi hiyo lazima iseme umekosa nini, unadaiwa kiasi gani, na ikupe angalau miezi 3 ya kulipa. Usipolipa, hufuata notisi ya kuuza chini ya kifungu cha 96: siku 40, na nakala kwa mume au mke wako na kwa mdhamini. Kisha dalali naye hutoa notisi ya siku 45, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Hatua zikifuatana moja baada ya nyingine, ni karibu miezi 6 tangu notisi ya kwanza. Andika tarehe uliyopokea kila barua na uhifadhi bahasha yake.

Kosa ninaloliona sana ni la anwani. Barua hutumwa kwa sanduku la posta lililoandikwa kwenye hati ya rehani, na pengine sanduku lenyewe halijafunguliwa miaka. Mtu hushtukia dalali mlangoni. Ukihama, ukibadili sanduku au simu, iarifu benki kwa maandishi na ubaki na nakala yenye muhuri wao.

Sasa tuje kwenye maombi yenyewe. Wengi huomba muda wa mkopo urefushwe wakidhani awamu itashuka sana. Tupige hesabu. Deni ni shilingi 3,000,000, riba asilimia 14 kwa mwaka, imebaki miaka 12: awamu ni kama 43,100 kwa mwezi. Ukirefusha hadi miaka 18, inashuka hadi kama 38,100 tu. Sababu ni kwamba riba peke yake ya mwezi ni 35,000, na chini ya hapo deni haliteremki hata kidogo. Kwa nafuu hiyo ya elfu tano utakuwa umelipa zaidi ya milioni 2 za ziada hadi mwisho. Mimi ningeomba kwanza malipo yafuate msimu: kusi ulipe riba tu, kaskazi ulipe awamu kubwa ya kufidia. Nenda na taarifa za benki na za M-Pesa za miezi 12, daftari la wageni, na orodha ya matumizi ya nyumbani. Taja kiasi unachokiweza mwezi wa Juni, si kile unachokitamani. Makubaliano ya mdomo na meneja wa tawi hayakukingi. Meneja akihamishwa, yameondoka naye. Yaandikwe.

Ukisimamishiwa malipo kwa miezi 3, elewa kwamba ile riba ya 35,000 kwa mwezi, jumla 105,000, haifutwi. Huongezwa juu ya deni.

Kagua pia deni lenyewe. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: tangu mkopo uhesabiwe kuwa haulipiki, riba inayoongezeka haiwezi kupita msingi, yaani deni bila riba, uliokuwa ukidaiwa siku hiyo. Kwa deni la miaka mingi, hapa ndipo ada ya mhasibu hujilipa.

Kama hesabu haikubali kabisa, uza nyumba mwenyewe kwa idhini ya benki. Inauma, hasa nyumba uliyoijenga kidogo kidogo, lakini mnunuzi uliyemtafuta kwa utulivu hulipa kuliko wa mnadani. Wakili wa mnunuzi huipa benki ahadi ya malipo, benki huachilia hatimiliki, na kinachobaki ni chako. Mnadani benki lazima ipate kwanza tathmini ya mthamini. Bei ikiwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wake wa kutafuta bei nzuri, mpaka ithibitishe vinginevyo.

Mahakama Kuu ya Malindi yaweza kuzuia mnada notisi zikiwa na kasoro, au ikiwa nyumba ya ndoa iliwekwa rehani bila idhini ya mwenzi anayeishi humo. Kubishania kiasi tu kwa kawaida hakuzuii mnada, na kasoro ya notisi kwa kawaida hukupa muda tu, kwani benki hutuma upya. Ingia mahakamani ukiwa umeshalipa kile usichokibishania.

Haki ya kulipa na kuikomboa nyumba unayo hadi dakika ya mwisho kabla haijauzwa. Nyundo ikishagonga, mnunuzi analindwa na sheria, na wewe unabaki kudai fidia ya pesa.