Je, wajua kwa nini pindo la sketi huweza kufichua mgongo uliopinda?

Fundi wa Kibuye, Kisumu, amepima vizuri na kukata sawasawa, lakini binti akiivaa sketi ya shule, pindo linashuka upande mmoja. Lawama humwendea fundi. Wakati mwingine, hata hivyo, kiuno chenyewe ndicho kilichoinama, kwa kuwa uti wa mgongo umepinda kuelekea ubavuni.

Hiyo ni skoliosisi. Si kibiongo, ambacho mgongo wake hutokeza nyuma. Uti wa skoliosisi hupinda huku ukijisokota, na mbavu husokoteka pamoja nao. Mtoto akisimama wima chini ya sweta, huoni kitu. Mvue viatu na nguo ya juu, aunganishe miguu, ainame mikono ikining'inia, nawe uchutame nyuma yake. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kuliko za upande wa pili, mpeleke akapigwe eksirei. Daktari Mwingereza William Adams alikieleza kipimo hiki mwaka 1865, na hakigharimu hata shilingi.

Mbona haraka? Kwa sababu mfupa unaokua ndio unaopinda upesi, hasa kati ya miaka 10 na 15, na kwa kawaida hauumi. Wasichana ndio ambao mpindo wao huzidi zaidi. Mpindo wa digrii 25 hadi 40 hivi unaweza kuzuiwa kwa bresi, ule mkanda mgumu wa plastiki, maadamu mtoto bado anakua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, asilimia 72 ya waliovaa bresi hawakufikia digrii 50, kiwango ambacho upasuaji huzungumzwa. Kwa wasiovaa ilikuwa asilimia 48. Kimo kikishakoma, bresi haina kazi tena.

Tafadhali tusimgombeze mtoto. Mtungi wa maji, mkoba mzito au kuketi vibaya havileti skoliosisi, wala hakuna aliyemroga. Kwa wengi chanzo hakijulikani.

Kazi ngumu huja baadaye. Bresi huvaliwa saa nyingi, mara nyingi 18 kwa siku, na katika joto la Kisumu hilo ni jambo zito kwa msichana wa miaka 12. Fulana nyepesi ya pamba ndani yake humpunguzia michubuko. Kila miezi minne hadi sita anarudi kliniki ya mifupa kupimwa upya, kwani bresi iliyomtosha Januari huenda ikambana Agosti. Nauli ya siku hiyo iwekwe kando mapema, hata kama mgongo wake unaonekana sawa.